Anatafuta mtoto, anauziwa sindano inayofunga mbegu

LUBUMBASHI – Shofere mmoja wa taksi-bisi, mwenye miaka 36, mkaaji wa komine ya Katuba, ameoa tangu miaka minne na hajapata mtoto. Bibi yake alipimwa mara mbili na kupitishwa kwenye ekografi. Wanganga walimwambia hawaoni shida. Bwana hakupimwa hata siku moja. Kila mwisho wa mwezi mama yake mzazi anafika nyumbani na maneno yaleyale: "Mwanangu, huyu mwanamke atakumalizia miaka. Mrudishe kwao."

Mwaka jana, akiwa kwenye usukani, shofere huyo alisikia tangazo katika redio: uchovu, hamu kupungua, kukosa mtoto, yote yanatoka kwa homoni moja tu, njoo upime leo. Siku hiyohiyo, saa tisa ya alasiri (15h00), alisimamisha gari mbele ya labo ndogo. Alikuwa ameamka saa kumi ya usiku. Alikuwa ametoka kula mkate na soda. Alikuwa kwenye siku ya mwisho ya dawa ya malaria. Hakuna aliyemuuliza neno juu ya hayo. Walitoa damu, wakamwomba dola 20, na kesho yake wakampa karatasi: testosteroni 2,4 ng/ml, na alama ya nyota pembeni.

Karatasi hiyo aliipeleka kwenye farmasi ya jirani. Muuzaji, ambaye kartie nzima inamwita dokta ingawa si munganga, aliitazama na kusema: "Papa, ona mwenyewe. Mwanaume mzima anafika mpaka nane, wewe uko na mbili. Ni hii inakunyima mtoto." Akaanzishiwa sindano ya testosteroni enantati ya miligramu 250, moja kila wiki mbili, dola 10 kwa kila sindano.

Miezi sita ikapita. Mabega yalipanuka, hamu ilirudi, kazi ikawa nyepesi. Mimba haikuja. Mwishowe alikubali kwenda hopitali, na munganga akaomba kipimo ambacho kilipaswa kuwa cha kwanza: spermogramu, yaani kuhesabu mbegu za kiume. Jibu lilikuwa sifuri. Hakukuonekana mbegu hata moja.

Munganga akamuuliza: "Baba, kabla ya sindano mbegu zilikuwa ngapi?"

Hakuna anayejua. Pengine zilikuwa nyingi. Pengine zilikuwa chache kwa sababu inayotibika. Pengine hazikuwepo tangu mwanzo. Sindano imefunika yote matatu, na sasa hata vipimo vingine vya damu haviwezi kusomwa vizuri mpaka dawa itoke mwilini. Mtu aliyelipa dola 150 ili apate mtoto amenunua sifuri.

Kosa si la shofere. Yeye alifanya kile ambacho wanaume wengi wanakataa kufanya: alikubali kupimwa. Kosa ni la wale walioshika karatasi yake mmoja baada ya mwingine, labo, farmasi na redio, wakageuza namba moja kuwa ugonjwa, na ugonjwa kuwa biashara.

Namba moja si ugonjwa

Testosteroni si kama kundi la damu, ambalo ukipimwa mara moja umepimwa kwa maisha yote. Ni homoni inayopanda na kushuka kila siku. Asubuhi iko juu, kuelekea jioni inashuka. Kwa mwanaume wa miaka 30 au 40, kipimo cha saa kumi ya alasiri kinaweza kuwa chini ya kile cha asubuhi kwa sehemu moja juu ya tano, na wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo vyama vya wanganga wa homoni na wa njia ya mkojo, Ulaya na Marekani, vinakubaliana juu ya jambo hili: damu itolewe asubuhi mapema, mtu akiwa hajala, na kama namba iko chini, kipimo kirudiliwe siku nyingine kabla ya kutamka lolote. Si mapenzi ya vitabu tu. Kati ya wanaume 10 ambao kipimo cha kwanza kilitoka chini, karibu 3 wanakutwa sawa wanaporudia.

Mtu mwenye malaria, homa ya matumbo, au aliyetoka kupasuliwa, homoni yake inashuka kwa muda. Mwili unapigana na ugonjwa, unaacha kazi nyingine. Anayepimwa siku hizo anapimwa malaria yake, hapimwi uanaume wake.

Usingizi pia. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichukua vijana 10 wazima, wakawalaza saa tano tu kwa usiku, wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Hao walikuwa vijana wazima, wiki moja tu. Shofere anayeamka saa kumi ya usiku mwaka mzima ili apate mstari wa kwanza kwenye parkingi, je, nani alimuuliza analala saa ngapi?

Na dawa. Tramadoli, ambayo wengine wanameza ili wavumilie kazi ngumu, inashusha homoni hii. Deksametazoni, vile vidonge ambavyo wengine wanameza ili wanenepe, vinaishusha pia vikichukuliwa kwa muda mrefu. Maswali mawili tu, "unakunywa dawa gani?" na "uliumwa lini?", yangeokoa pesa za watu wengi. Hayaulizwi, kwa sababu jibu linaweza kumfanya mteja arudi nyumbani bila kununua kitu.

Kusoma karatasi

Kuna mtego mwingine ambao hata mtu aliyesoma anaanguka ndani. Labo moja inaandika ng/ml, nyingine ng/dl, nyingine nmol/l. Ni homoni ileile, lakini namba ni tofauti kabisa: 3 ng/ml ni sawa na 300 ng/dl, na ni sawa na karibu 10,4 nmol/l. Mwanaume mwenye 4,1 ng/ml yuko sawa. Akichukua namba hiyo na kuilinganisha na jedwali la simu linalosema "kawaida ni 10 hadi 30", ataamini kwamba amekwisha, kumbe jedwali lile linahesabu kwa nmol/l na yeye kwa kipimo hicho yuko zaidi ya 14. Mtu anaweza kudungwa sindano miaka kwa sababu ya herufi tatu zilizoandikwa pembeni ya namba.

Mpaka wenyewe haukubaliwi na wote. Chama cha wanganga wa njia ya mkojo cha Marekani kinasema chini ya 300 ng/dl. Wanganga wa homoni wa Marekani walitoa 264 kama mpaka wa chini kwa vijana wazima wasio wanene. Wengi wa Ulaya wanatumia 12 nmol/l, ambayo ni karibu 350. Kama wataalamu wanapishana hivyo, muuzaji wa farmasi anapata wapi uhakika wa kusema "uko na mbili, umekwisha"?

Tena ile namba kubwa inayoandikwa kwenye karatasi ni ya homoni yote kwa jumla. Sehemu kubwa yake imebebwa na proteini za damu. Ile iliyo huru ni karibu asilimia 2 tu. Kwa mtu mnene, proteini inayobeba homoni inapungua, na jumla inashuka hata kama ile iliyo huru inatosha. Kwa mzee, au mwenye ugonjwa wa ini, mambo yanaweza kuwa kinyume: jumla inaonekana nzuri na iliyo huru ni kidogo. Ndiyo maana namba iliyo karibu na mpaka inahitaji munganga.

Kisha kuna dalili. Bila dalili hakuna ugonjwa wa kutibu. Dalili zenye uzito ni hizi: hamu ya tendo la ndoa kupotea, uume kutosimama tena wenyewe asubuhi, ndevu na nywele za mwili kupungua, matiti kuvimba, korodani kuwa ndogo, mifupa kuvunjika bure. Uchovu peke yake, huzuni peke yake, kukosa usingizi peke yake, hayo ni maisha ya nusu ya muji. Redio inapotangaza kwamba mtu aliyechoka "amepungukiwa na homoni," inamwita mgonjwa kila baba anayelisha watoto sita kwa kibarua.

Shida iko wapi?

Tuseme sasa kipimo kimerudiliwa asubuhi, na namba iko chini mara zote mbili, na dalili zipo. Hata hapo sindano si jibu la kwanza. Swali la kwanza ni: kwa nini?

Korodani hazifanyi kazi zenyewe. Zinapokea amri kutoka tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kwa homoni mbili ambazo labo inaandika LH na FSH. Vipimo hivyo viwili vinaonyesha shida iko wapi. Kama testosteroni iko chini na LH iko juu sana, maana yake amri inafika lakini korodani zimeshindwa. Sababu inaweza kuwa ajali, matubwitubwi yaliyoshuka kwenye korodani, korodani ambayo haikushuka tangu utoto, au hali ya kuzaliwa nayo. Kama testosteroni iko chini na LH nayo iko chini, au iko katikati kana kwamba hakuna lililotokea, shida iko juu: unene, dawa, ugonjwa mrefu, au uvimbe kwenye ile tezi. Hapo munganga anaomba prolaktini, anauliza juu ya kichwa kuuma na macho kupoteza mwanga wa pembeni. Mtu mwenye uvimbe anayedungwa testosteroni kwenye kartie atajisikia vizuri kidogo huku uvimbe ukiendelea kukua.

Sababu nyingi zinatibika bila sindano. Mnene akipunguza kilo, homoni inapanda. Asiyelala akilala, inapanda. Anayeacha tramadoli kwa msaada wa munganga, inapanda.

Na yule mwanaume wa miaka 50 ambaye uume wake hausimami tena? Mara nyingi shida yake si homoni, ni mishipa ya damu: sukari, tansio, tumbako. Kushindwa kusimama kunaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka. Kipimo cha sukari ni cha bei ndogo kuliko testosteroni. Kumdunga bila kumpima sukari na tansio ni kuzima taa nyekundu ya gari na kuendelea kukimbia.

Sindano iliyojaribiwa kama kinga ya mimba

Sasa jambo ambalo tangazo halisemi kamwe, na ambalo kila mwanaume anayetafuta mtoto ana haki ya kulisikia kabla ya kufungua suruali.

Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya jaribio lililofanywa katika inchi 7. Wanaume 271 wazima, wenye uwezo wa kuzalisha, walidungwa testosteroni enantati miligramu 200 kila wiki. Haikuwa kwa kuwaongezea nguvu. Ilikuwa kuona kama sindano hiyo inaweza kutumiwa kama njia ya kuzuia mimba. Wanaume 157 walifika sifuri ya mbegu na kuendelea na sehemu ya pili, ambamo bibi zao hawakutumia kinga nyingine. Kwa mwaka mzima wa kuwafuata, ilipatikana mimba moja tu.

Asome tena anayeuza: dawa iliyojaribiwa duniani kuzuia mimba ndiyo inayouzwa Katuba kwa anayetafuta mimba. Ni kweli dozi ya kartie ni ndogo kuliko ile ya jaribio, lakini njia ni ileile. Testosteroni ya nje ikiingia, tezi ya kichwani inaona damu imejaa, inaacha kutuma LH na FSH. Korodani zinakosa amri. Ndani yake, ambamo homoni inatakiwa kuwa nyingi mara makumi kuliko katika damu ili mbegu zikue, inakauka. Mabega yanapanuka, mbegu zinakwisha. Mwanaume anajiona simba wakati ambapo hawezi kuzalisha.

Habari njema ni kwamba wengi wanarudi wakiacha sindano, kwa miezi sita, kwa mwaka, wengine mpaka miaka miwili. Lakini anayerudi ni yule aliyekuwa na mbegu. Na miaka miwili kwa bibi mwenye miaka 37 au 38 si kitu kidogo. Hiyo ndiyo bei halisi ya sindano, na haiandikwi kwenye ukuta wa farmasi.

Kwa mwanaume mwenye testosteroni ya chini anayetaka mtoto, zipo njia nyingine. Wanganga wanaweza kutumia klomifeni, kidonge ambacho wengi wanakijua kwa wanawake, au sindano za hCG, ambazo zinaamsha korodani zenyewe zifanye kazi badala ya kuzilaza. Haziponyi kila mtu, na zinahitaji kujua kwanza shida iko juu au chini. Lakini hazifungi mlango.

Wanaoihitaji kweli

Haki lazima isemwe pande zote. Wapo wanaume ambao miili yao haitengenezi homoni hii ya kutosha, na kwao matibabu ni baraka. Kijana aliyezaliwa na kromozomu ya ziada, baba aliyepoteza korodani katika ajali au kansa, mtu ambaye tezi yake ya kichwani imeharibika: hao wanarudishiwa hamu, misuli, mifupa, furaha. Kuwaita watu wa anasa ni dhambi.

Lakini hata wao wanafuatwa. Kabla ya kuanza, munganga anapima wingi wa damu na, kwa wenye umri, prostati. Baada ya miezi mitatu hadi sita anarudia, kisha kila mwaka. Sababu ni kwamba testosteroni inaongeza damu mpaka inakuwa nzito. Hematokriti ikipita asilimia 54, sindano inasimamishwa. Mwenye kansa ya prostati au ya titi, aliyepata shida ya moyo au kupooza karibuni, mwenye moyo ulioshindwa: hao hawaanzishwi. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2023, wenye wanaume zaidi ya 5000, ulionyesha kwamba kwa wale waliochaguliwa na kufuatwa vizuri, dawa haikuongeza shambulio la moyo wala kupooza. Wauzaji wanapenda sana sehemu hiyo. Hawasemi kwamba utafiti uleule ulikuta mapigo ya moyo kuvurugika na damu kuganda kwenye mapafu vikiwa vingi zaidi kwa waliopewa dawa, na kwamba kila mmoja alikuwa chini ya macho ya wanganga. Ni nani anamfuata mtu anayedungwa nyuma ya pazia la farmasi?

"Watu wanaomba wenyewe"

Wenye labo wanajitetea: mteja anakuja mwenyewe, anaomba kipimo, sisi tunapima. Wenye farmasi wanasema: wanganga wa homoni ni wachache, konsultasio ni ghali, bila sisi watu wangekosa msaada wote.

Ni kweli wanganga wa homoni ni wachache. Lakini kazi ya kwanza haiwahitaji hao. Munganga wa kawaida wa hopitali ya komine anaweza kuuliza maswali, kuomba kipimo cha asubuhi, kukirudilia, na kumwandikia mtu spermogramu. Na hoja ya bei inaanguka yenyewe. Shofere wa Katuba alilipa dola 20 za kipimo kibaya na dola 130 za sindano 13. Kwa pesa hiyo angelipa konsultasio, vipimo viwili vya asubuhi na spermogramu, na abaki na kitu. Maskini hakuokolewa na njia ya mkato. Aliibiwa nayo.

Labo inayotoa damu ya testosteroni alasiri bila kuandika saa kwenye karatasi inauza namba isiyo na maana. Farmasi inayodunga homoni bila ordonansi ya munganga haisaidii wagonjwa, inatafuta wateja wa kila wiki mbili.

Redio nayo isijifiche nyuma ya neno "publisite." Wakaaji wanaiamini redio kuliko gazeti, kuliko simu, wakati mwingine kuliko munganga. Sauti inayosoma habari za asubuhi ndiyo ileile inayosoma tangazo la dawa ya nguvu, na msikilizaji hawezi kutenganisha. Redio ya mtaa inaishi kwa shida, umeme ni ghali, mishahara inachelewa. Yote hayo yanajulikana. Lakini redio inayopokea pesa za muuza homoni imeuza masikio ya watu waliowaamini. CSAC ina kazi ya kuangalia yanayopita hewani, isiamke tu wakati wa uchaguzi. ACOREP ina kazi ya kuangalia dawa, ipite pia nyuma ya pazia za farmasi za kartie.

Mficha uchi hazai

Biashara hii yote inasimama juu ya aibu. Mwanaume anakubali haraka kuambiwa "nguvu imepungua," kwa sababu nguvu inanunuliwa. Hakubali kuambiwa "tuhesabu mbegu zako," kwa sababu hapo anaogopa jibu. Lakini katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto kuna shida upande wa bwana, peke yake au pamoja na ya bibi. Spermogramu haihitaji sindano wala kisu: siku mbili hadi saba bila tendo la ndoa, kikombe safi, na nusu saa ya ujasiri. Ikitoka mbaya, inarudiliwa, kama vile testosteroni.

Na homoni si kipimo cha mbegu. Mwanaume anaweza kuwa na testosteroni nzuri kabisa na asiwe na mbegu hata moja, kwa sababu mirija imezibwa na maambukizo ya zamani. Mwingine ana testosteroni ya chini na bado ni baba wa watoto watano. Anayesema "homoni yako ni ndogo, ndiyo maana huzai" bila kuhesabu mbegu anabahatisha kwa mwili wa mtu mwingine.

Familia nazo zisikilize. Miaka minne bibi wa shofere alipimwa, alisemwa, alinyimwa kiti kwenye matanga. Mwenye kupimwa kidogo ndiye aliyekuwa na shida inayoweza kuonekana, na hata hiyo imefunikwa na dawa ya kununua.

Mwanaume anayepewa karatasi ya testosteroni, kabla ya kukubali chochote, aulize maswali sita. Damu ilitolewa saa ngapi, na nilikuwa mgonjwa? Namba imeandikwa kwa kipimo gani? Tutarudia lini? LH na FSH ni ngapi? Kama nataka mtoto, mbegu zangu zimehesabiwa? Nikianza dawa, nani atanifuata na atapima nini? Anayeshindwa kujibu hayo sita asimdunge.

Shofere ameacha sindano, kwa shauri la munganga. Aliambiwa ukweli: miezi ya kwanza atachoka, hamu itashuka, na asikimbilie tena farmasi. Spermogramu nyingine itafanywa baada ya miezi mitatu, na LH na FSH zitapimwa asubuhi, akiwa amelala vizuri. Hakuna aliyemwahidi mtoto.

Mwisho wa mwezi mama yake alikuja tena, na maneno yaleyale. Safari hii mwanaye alimkatiza. "Mama, kaa kwanza," akamwambia, akamwekea mezani karatasi ya sifuri yenye jina lake, si la bibi. Mama aliishika muda mrefu. Kisha akamwita mkaza mwana wake akae nao.